Nafasi Nyeupe Juu ya Mlima

Siku ile tulikuwa watu wanne. Alikuwepo mzee wa Kichina niliyekuwa nikimtunza, ambaye ndiye mwenye nyumba, binti yake muuguzi aliyefika kutoka Pearland akiwa bado na sare ya hospitali, mdogo wangu wa kiume, aliyepanda basi alfajiri kutoka Fort Worth ili tule pamoja sikukuu ya Shukrani ya Novemba, na mimi. Nawataja wote kwa sababu mzee mwenyewe alitutaja. Kabla ya kufungua picha alitunyooshea kidole mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina asubuhi, akasema picha ya namna ile haifunguliwi bila kujulikana nani anaiona. Wanaoiona pamoja ni mashahidi, na shahidi huacha neno.

Ulikuwa mwaka 2018. Mzee aliishi Alief, mtaa mmoja wa Houston, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, juu ya duka la kushona mapazia. Binti yake alikuwa na nyumba kubwa Pearland yenye chumba kilichomsubiri miaka mingi. Kila akiombwa kuhamia alijibu kwamba Pearland hakuna chai. Chai ilikuwepo, bila shaka.

Nilianza kumtunza mwaka uliotangulia, baada ya yale mafuriko makubwa, pale kampuni ya utunzaji iliponipangia siku tatu kwa wiki. Alikuwa amefanya kazi ya jikoni katika mikahawa ya Houston kwa miaka thelathini, na magoti yake yalikuwa yameisha. Mwezi wa kwanza hakunisemesha. Nilimwogesha, nikampa dawa, nikafagia. Naye alikaa dirishani akisugua kipande cha wino mweusi juu ya jiwe lenye maji, taratibu, kama mtu anayetwanga kitu kisichopondeka.

Siku moja nilimpelekea mchicha wa nazi katika bakuli langu la plastiki. Wiki iliyofuata bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nikaikunjua. Palikuwa na mlima mdogo, wenye ukubwa wa kiganja, na mti mmoja.

"Bakuli halirudi tupu," akasema.

Nilishangaa, maana hayo yalikuwa maneno ya mama yangu. Kwetu Morogoro sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukikosa chakula utaweka hata ndimu mbili. Nikamwambia hivyo kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, naye akanielewa kwa chake, kilichookotwa palepale nilipookota changu. Tangu siku hiyo tulikuwa watu wa kuzungumza, na nikawa namwita Mzee, neno alilolipenda kuliko jina lake.

Nilizaliwa chini ya milima ya Uluguru. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni alitunga mashairi ambayo aliyapeleka gazetini, machache yalichapwa. Baba alikufa wakati mama ni mgonjwa, na mama akamfuata kabla mwaka haujapinduka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu ana miaka sita. Hakuna aliyeniambia niache shule. Jumatatu ilipofika nilikaanga vitumbua, na Jumatatu iliyofuata pia, basi ikawa hivyo. Baadaye ilikuja bahati nasibu ya viza, nikafika Houston, na mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita nilimleta asome chuo upande wa Dallas na Fort Worth. Alichosoma yeye nilihesabu nimesoma mimi. Ushairi wa baba nao ulimwangukia yeye. Akiwa na miaka tisa aliweza kukuambia shairi limepungukiwa mizani kabla hujamaliza kulisoma.

Houston haina mlima. Haina hata kichuguu cha kujivunia. Ukitaka kuona mbali unapanda daraja la barabara kuu, na unachokiona ni paa za maduka. Mzee alikuwa amechora milima mjini humo kwa miaka yote, kila siku yake ya mapumziko, akiwa na mafuta ya kukaangia bado kwenye nywele. Aliniambia picha za aina ile kwao huitwa mlima na maji. Wazee wao wa zamani, watu wenye vyeo, walioichoka serikali, walivua kofia zao na kwenda kukaa milimani katika vibanda vya nyasi, wakasoma, wakatunga mashairi, wakasikiliza maji. Wengine hawakuweza kwenda. Walikuwa na wazazi wa kulisha, walikuwa na kazi. Hao walichora kibanda, wakakaa mbele yake mjini na kuingia kwa macho.

"Kama mimi," akasema.

Niliitazama picha aliyokuwa akiichora, ile ndefu, iliyoviringishwa kwenye vijiti viwili kama mkeka. Alinionyesha kipande kimoja tu: bonde, kijito, daraja la mti, na juu kabisa kibanda chenye dirisha, na mtu mmoja mdogo amekaa.

"Nani anampelekea chakula?" nikauliza.

Mzee akanitazama. Halafu akacheka mpaka nikamshika asianguke kwenye kiti.

"Miaka elfu moja," akasema, "na hakuna aliyeuliza hilo. Lazima mtu awe mtunzaji."

Wiki iliyofuata palikuwa na mtu darajani, mwanamke, urefu wake haufiki punje ya mchele, mgongo umeinama. Nilimwambia amekosea, kwetu mwanamke angebeba mzigo kichwani. Akasema kwao ni mzega begani, kapu huku na kapu huku, na mlima ni wa kwao. Nikamwachia.

Nilimweleza pia kuhusu kanga. Nilikuwa nayo moja ya mama, nikaileta. Nikamwonyesha pindo, mji, na chini yake jina: NIACHENI NIPUMZIKE. Nikamwambia kanga isiyo na jina ni kama mtu bubu, nzuri lakini huijui inataka nini. Alifurahi sana. Akasema picha yake nayo ni bubu bado. Juu ya mlima alikuwa ameacha sehemu nyeupe, upana wa viganja viwili. Nilidhani ni wingu. Mawingu yake yote yalikuwa hivyo, hakuyachora, aliiacha karatasi. Akasema hapana, ile si wingu. Ile ni nafasi ya shairi, na mchoraji asijiandikie mwenyewe akiwa na rafiki. Mimi ndiye niliyeuliza nani anapeleka chakula. Basi mimi ndiye wa kuijaza.

"Mimi sikusoma," nikasema. "Lakini nina mdogo wangu."

Ndiyo maana siku ile tulikuwa wanne.

Aliitoa picha kwenye kopo refu la bati, lililookoka juu ya kabati la bafuni paa lilipovuja wakati wa mafuriko. Tukaifungua mezani kwa upana wa mkono, kutoka kulia kwenda kushoto. Kila kipande kipya kilipofunguka cha zamani kiliviringishwa. Huwezi kuiona yote kwa mara moja. Lazima utembee. Mdogo wangu aliinama mpaka pumzi yake ikagusa karatasi, na binti wa mzee akamvuta shati polepole.

"Huyu anafanya nini?" mdogo wangu akauliza kuhusu mtu wa kibandani.

"Hafanyi kitu. Ameacha kazi."

"Ameacha au amefukuzwa?"

"Picha haisemi," mzee akajibu.

"Baba naye ameacha mambo ya dunia," binti yake akasema. "Ila jana alinipigia mara tatu nimletee sukari."

"Hata mlimani watu wanakunywa chai."

"Chai ya Pearland huitaki."

"Chai hiyo ina kelele."

Tulicheka. Mdogo wangu alicheka pia, naikumbuka vizuri sauti yake. Kisha akaomba kalamu. Nyuma ya risiti ya duka la vyakula akaandika mshororo mmoja, bila kufuta neno:

*Mlima umenyamaza, nami nimenyamaziwa.*

Mzee akataka ausome mara mbili, huku akihesabu kwa vidole. Nane, kisha nane.

"Mistari yenu ni mirefu," akasema. "Yetu huwa na sauti tano au saba."

"Sisi tunatoka mbali, mzee," mdogo wangu akasema.

Akamtafsiria. Mlima umekaa kimya, na mimi watu wamekaa kimya kwangu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akauliza shairi zima lina mistari mingapi. Ubeti una minne, akaambiwa, mitatu bado.

"Leta mitatu. Tutaiandika kwa brashi, hapa juu. Sina haraka. Wengine wamesubiriwa miaka."

"Nitaleta, mzee."

Aliahidi mbele yetu sote. Mimi nilikaa pale nikiwa nimejaa fahari, nikiona baba amefika mezani. Nilisikia mizani. Maneno sikuyasikia.

Baada ya mwaka mpya simu zake zikapungua. Aliondoka karibu na chuo, akaenda kupanga chumba Haltom City pamoja na Mkongomani mmoja aliyefanya kazi ghalani. Nikipiga, alipokea mara moja kati ya nne.

"Unafanya nini siku hizi?"

"Nimetulia tu, dada. Nakaa, naandika."

"Imefika mishororo mingapi?"

"Inakuja."

"Nije kukuona?"

"Niache kidogo. Nataka utulivu."

Nikamwacha. Hilo ndilo kosa langu, na nimelitazama pande zote bila kupata upande mzuri. Kwetu mtu akijifungia siku tatu, jirani atabisha hodi, hata kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Atabisha tena kesho. Mimi niliyelelewa hivyo, niliyemlea yeye hivyo, sikubisha. Nilikuwa nimejifunza neno jipya, utulivu. Niliona kibanda, dirisha, maji yakishuka, na ndani yake mdogo wangu na daftari nililomtumia kwa posta. Nilimwambia mzee kwamba kijana anaandika, na mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Nilisema hata kanisani. Watu walikuwa wakilalamika kwamba vijana wao wanacheza michezo ya simu, nami nikasema wangu amejitenga, anatunga. Miezi ikaenda.

Septemba mwaka 2019, siku ya kazi, saa nne asubuhi, Mkongomani yule akanipigia. Sijui namba alipata wapi.

"Dada, ndugu yako iko, lakini ni kama haiko. Anatokaka saa mimi niko kazini. Chakula anaachaka. Ukuje."

Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikaendesha. Kutoka Houston kwenda kule ni zaidi ya saa nne, na njia nzima ardhi imelala. Nilifika mchana. Mkongomani alikuwa mtu mfupi mwenye adabu nyingi. Alinikaribisha kiti, nikakataa, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nikabisha. "Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi, baba." Ndivyo nilivyomwita alipokuwa mdogo, kwa jina la marehemu.

Niliita kama wanavyoita watu wa kwetu, mara tatu, halafu nikaendelea baada ya tatu. Mwishowe mlango ukafunguka. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Dirisha alikuwa amelipigilia blanketi kwa misumari. Mezani palikuwa na daftari langu, bado limo ndani ya nailoni.

Chuo kilikuwa kimemfuta tangu muhula wa masika. Karatasi za kukaa nchini zilianguka pamoja na chuo. Baadaye mwanasheria aliongea nasi muda mrefu, maneno yake yote yakiwa na maana moja.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza siku ile, nikikunja nguo zake.

"Ungekuja."

"Ndiyo, ningekuja."

"Ndiyo maana."

Nikamleta Alief, nilikokuwa nikipanga mimi pia, nikampa chumba changu, nikahamia sebuleni. Kwenda kwa daktari alikubali mara moja tu. Mara ya pili alikaa kwenye gari, akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, na mimi si mtu wa kumburuta mtu mzima. Tukarudi.

Kwa mzee nilikwenda nikiwa na hasira. Nilimwogesha bila kuzungumza. Nilipomaliza kumfunga vifungo nikamwambia picha yake imenidanganya.

Sauti ya cherehani ilikuwa ikipanda kutoka chini.

"Wengi waliokwenda mlimani," akasema, "hawakwenda kwa sababu ya maji mazuri. Mfalme alitaka kuwaua. Au nchi yao ilikuwa imekufa na wao wamebaki. Wengine waliugua mawazo tu. Uzuri uliwekwa baadaye, na watu kama mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipenda kusikia kuna mtu anaandika."

Akanitaka nifungue picha mpaka darajani. Akamgusa kwa ukucha yule mwanamke mwenye mzega.

"Mtazame. Tangu nimchore yuko hapo. Nimempa njia, nimempa daraja. Sijui kumfikisha."

Nikaviringisha picha.

Nilianza kumwomba mdogo wangu ile mishororo. Nikaamua kwamba siku atakayoimaliza ndiyo siku atakayokuwa ametoka. Sikuwa na msingi wowote wa kuamini hivyo. Lakini wiki ina siku saba, na mtu anahitaji kitu cha kungojea. Asubuhi niliweka karatasi na kalamu kando ya sahani, mlangoni. Jioni karatasi ilikuwa pale pale. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa vizuri, imefutwa. Hilo liliniuma kuliko kama angeitupa ukutani.

Ikaja korona. Machi mwaka 2020 kampuni ilitusimamisha, na binti wa mzee akamchukua kwa nguvu kumpeleka Pearland. Sasa alikuwa na chumba chake. Binti yake, kwa kuwa alikuwa akitoka wodini, alimwekea chakula mlangoni na kurudi nyuma hatua sita. Alinisimulia hayo kwenye simu akilia. Nilimwambia naujua utaratibu huo.

Nilikwenda kumwona mara moja, kupitia dirisha, nimesimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Alikuwa amepungua. Aliniona, akacheka, akainua kikombe cha chai kunionyesha kwamba ipo. Kisha akaweka kikombe chini, akainua vidole vitatu.

Nikainua vitatu vyangu. Ndivyo tulivyoagana.

Alikufa kabla mwaka haujaisha, moyo wake ulichoka. Mazishi yalikuwa ya watu wachache waliosimama mbali mbali, na mimi sikuwa katika hesabu. Wiki mbili baadaye binti yake alisimamisha gari kwenye maegesho ya nyumba yetu, barakoa imemfunika hadi macho, akanikabidhi lile kopo la bati kwa mikono miwili.

"Alisema ni yako," akasema. "Na alisema haijaisha."

"Mdogo wangu bado."

"Anaendeleaje?"

"Yupo."

Akatazama madirisha yetu ya juu, akajua lipi. Akasema baba yake aliwahi kumwambia kwamba nina mgonjwa mmoja tu anayenilipa, na mwingine asiyenilipa. Nikasema ni kweli. Akaondoka kuwahi zamu.

Nilipanda nikaifungua peke yangu, jambo ambalo mzee asingelikubali. Mashahidi wa siku ile mmoja amekufa, mmoja yuko wodini, mmoja nyuma ya ukuta. Nikaiviringisha mpaka kwenye mlima. Pale juu, ukingo wa kulia wa ile nafasi nyeupe, mzee alikuwa ameandika kwa brashi mshororo wa mdogo wangu. Kiswahili hakukijua. Alinakili kutoka kwenye risiti herufi kwa herufi, moja chini ya nyingine, kushuka kama maandishi yao. Kushoto kwake alikuwa ameacha nafasi. Nilipima kwa vidole. Ilitosha mistari mitatu, si zaidi.

Nikabisha. "Njoo uone, mzee ameandika neno lako."

Nilisikia akigeuka kitandani.

"Nimeliona, dada," akasema.

Hakuwa ameliona. Nikaiviringisha picha.

Nimejaribu mwenyewe. Nikiwa kazini kwa bibi mwingine, nikikunja mashuka, nahesabu kwa vidole kama alivyohesabu mzee. Vina ni *za* katikati na *wa* mwisho, hilo najua, baba alitufundisha wote wawili. Napata saba, au napata tisa. Siku moja nilipata nane na nane, nikafurahi hadi bibi akaniuliza kuna nini, na nilipofika nyumbani nikagundua ni maneno yasiyosema kitu. Kwenye karatasi ile siwezi kuweka maneno yasiyosema kitu. Mzee alinakili yetu bila kuijua lugha na hakukosea hata herufi moja.

Binti yake hajaniuliza, na najua hatauliza. Picha iko kwenye kopo lake, juu ya kabati la bafuni, maana mvua za huku sizi­amini. Leo asubuhi niliweka sahani mlangoni, wali na mchicha, na kando yake karatasi. Jioni nitaikuta sahani imeoshwa. Mishororo mitatu bado.